Nguo nne, sufuria moja: kisa cha shoga yangu wa Chuda na rangi za paketi

Nguo zenyewe, za shoga yangu anayekaa mtaa wa Chuda hapa Tanga, zilikuwa nne. Kadeti nyeusi ya mumewe iliyopauka mpaka magotini inaelekea kijivu, tisheti nyeusi yenye madoa ya rangi ya chungwa yaliyotokana na ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, sketi ya shule ya bintiye ile daki bluu, na buibui lake la kutokea ambalo mabegani lilishakuwa la kahawia. Zote zikaingia sufuria moja siku moja na paketi za rangi nyeusi za buku buku alizonunua sokoni Ngamiani, na kila moja ikatoka na jibu lake. Mimi ni fundi cherehani hapahapa Tanga, watu wananiletea nguo zilizopauka kila kukicha, "dada hii si inarudi ikipigwa rangi?", na mara nyingi hawapendi nikiwauliza kwanza hiki kitambaa ni cha nini. Kwa hiki kisa walau naweza kuwaonyesha kwa nini nauliza.

Alivyofanya ni hivi. Sufuria ya alumini ya kupikia, maji kama lita nane, jiko la mkaa. Maji yalipochemka akamimina unga wa rangi humohumo, akatupia chumvi kiganja na siki nusu kikombe kwa sababu jirani alimwambia siki ndo inayoshikisha, akatumbukiza nguo zikiwa kavu, zote nne kwa mpigo, zikajaa mpaka mwiko hauzunguki, akafunika akaenda zake kuendelea na shughuli. Akaja kuepua baada ya kama nusu saa, zikalala kwenye maji hayo usiku kucha, asubuhi akasuuza na maji ya kisima cha uani na akasuuza tena na tena lakini maji bado meusi, mwisho akachoka akaanika juani.

Kadeti ilikuwa nyeusi kweli ila kwa mabaka, yaani palipokuwa na mkunjo pamebaki kijivu na mahali unga ambao haukuyeyuka ulipogandia pana doa jeusi tii. Tisheti imekuwa ya rangi isiyoeleweka, inaelekea zambarau, na yale madoa ya chungwa yamekuwa ya udongo. Sketi ya shule ikawa si bluu si nyeusi, na mwalimu wa zamu hakuitaka. Buibui, hata habari! Kahawia yake ileile. Halafu mume akavaa ile kadeti kwenda Ijumaa, jua la mchana unalijua, akarudi singlendi nyeupe ina ramani nyeusi kiunoni, na hapo ndo nguo zote zikaletwa kwangu ndani ya mfuko mmoja wa nailoni na maneno, "shoga, niambie hapa nimeibiwa au nimekosea."

Hakuibiwa. Rangi ilikuwa rangi, ila ya kitambaa kimoja tu kati ya vile alivyovipika.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzigeuza nguo ndani nje na kuangalia mishono, na hii naishauri kwa yeyote kabla hajagusa paketi. Ndani ya pindo jua halifiki, kwaiyo pale unaona nguo ilikuwa na rangi gani siku inanunuliwa, na wakati mwingine utashangaa, mtu anasema "ilikuwa nyeusi" kumbe pindo linaonyesha daki bluu. Na angalia uzi wenyewe wa kushonea. Kwenye kadeti hii uzi wa mshono ulikuwa mweusi mzuri kabisa, haujapauka hata kidogo wakati kitambaa kimechoka, maana uzi wa kushonea siku hizi karibu wote ni poliesta na kitambaa ni pamba, wamefuliwa pamoja wakaanikwa pamoja lakini wamezeeka tofauti. Ukiliona hilo umeshajua nusu ya kisa.

Kitu cha pili ni kiberiti. Unachomoa nyuzi mbili tatu kutoka ndani ya pindo, unazishika kwa kibano, pembeni una kikombe cha maji, unaziwasha. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, inaacha jivu laini unalipuliza linaondoka. Poliesta inajikunja kwanza kuukimbia moto, inayeyuka, inadondoka, inaacha kidonge kigumu cheusi na moshi wake mweusi. Sufu na hariri ya kweli zinanuka nywele zilizoungua. Mchanganyiko unaungua kama pamba lakini ukigusa jivu unakuta kidonge humo ndani. Tukajaribu zote nne uani kwake: kadeti pamba, tisheti pamba, sketi mchanganyiko (ile tetroni inayoshonewa yunifomu), buibui poliesta tupu. Shoga akaishia kushangaa, maana buibui lile muuzaji alimwambia ni hariri ya Dubai.

Sasa kwa nini ilikuwa vile. Nguo ya pamba ni mmea, na rangi ya paketi ya kuchemsha, kwa jinsi ilivyojiendesha hapa, ni zile wanazoziita dairekti, yaani inaingia kwenye pamba ikiwa imeyeyuka kwenye maji ya moto na inakaa mle kwa kujishikiza tu, haijafungwa. Chumvi inaisukuma itoke majini iingie kwenye uzi, na kwa kazi hiyo chumvi inahitajika nyingi si kiganja, lakini chumvi haifungi kitu, rangi iliyoingia hivyo maji yakija inatoka nayo. Ndo maana inachuja kila ukifua, na ndo maana jasho la Ijumaa likaihamishia kwenye singlendi. Siki kwenye pamba haisaidii rangi kabisa. Siki ina kazi yake kwenye sufu, hariri na nailoni kwa rangi za asidi, huko inashikisha kweli, watu wameichukua habari ya huko wakaileta kwenye pamba.

Poliesta ni habari nyingine kabisa, ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi, haina pa kuingilia. Viwandani wanatumia rangi aina ya dispasi na maji ya nyuzijoto kama 130 ndani ya mtambo uliofungwa kwa presha, hapo uzi unalegea rangi inapenya, ukipoa unaifungia ndani. Sufuria la mkaa linaishia 100. Zipo rangi za nyumbani za poliesta, zinataka kuchemka muda wote huku unakoroga, na nyeusi nzito kwa njia hiyo ni shughuli hata ukiwa na rangi sahihi. Kwaiyo buibui kutobadilika halikuwa jambo la ajabu, la ajabu lingekuwa libadilike. Na sketi imefanya vyote viwili, upande wake wa pamba umekunywa nyeusi na upande wa poliesta umebaki bluu, ukiitazama kwa karibu unaona vichembe vichembe.

Mabaka ya kadeti ni kosa la nafasi. Nguo ya kutia rangi inatakiwa iogelee. Hesabu ya kawaida ni lita 20 za maji kwa kilo moja ya nguo kavu, na zaidi kama unaweza, na nguo inaingia ikiwa imeshalowana, na rangi imeshayeyushwa pembeni ikachujwa kwa kitambaa, na dakika 20 za mwanzo hutoki hapo, unageuza tu. Yeye alikuwa na nguo nne kwenye lita nane na mfuniko juu.

Kuhusu tisheti, nyeusi si rangi moja. Nyeusi nyingi ni mchanganyiko wa rangi mbili tatu, na jua na sabuni havizili kwa kasi moja, mara nyingi inakufa ya bluu kwanza inabaki nyekundu, mara nyingine ni kinyume, ndo maana nguo nyeusi ikichoka inaenda kahawia, nyingine kijani, nyingine zambarau. Halafu rangi ya nguo haifuniki kama rangi ya ukuta, inajumlisha. Chochote kilicho chini kinachungulia. Kwaiyo doa la chungwa chini ya nyeusi hafifu litakuwa la udongo, halina ujanja.

Tukakubaliana turudie mbili tu, kadeti na tisheti. Kwa hizi nikaenda kwa mama mmoja wa batiki ninayemfahamu, hao wana kemikali za kueleweka wanazichukua Kariakoo. Batiki nyingi wanatumia ile rangi ya kostiki na haidro, inashika sana lakini kostiki inachoma ngozi na macho, kwa mtu wa nyumbani mwenye watoto uani siipendi. Nikaomba nyeusi ya aina ya riaktivu, ya maji baridi. Hii inafungamana na pamba yenyewe kikemia, inakuwa sehemu ya uzi. Si ya kale sana, iliingia sokoni mwaka 1956 kutoka kampuni ya ICI ya Uingereza, na mpaka leo kwa pamba ya nyumbani sijaona ya kuishinda. Inachotaka ni soda ashi, ile wanayouza kwa watengeneza sabuni. Msiniulize magadi ya kupikia maharage, magadi yale ni nusu soda ashi nusu baikaboneti na mchanga juu, nguvu yake haitoshi na hujui umeweka kiasi gani. Bekingi soda ndo kabisa haifai.

Kwanza tuliitoa ile rangi ya paketi iliyokuwa inaelea. Kadeti na tisheti zikalowekwa maji ya moto na sabuni ya unga, zikachemshwa, zikabadilishwa maji mpaka yakawa yanatoka na rangi kidogo tu. Faida ya rangi isiyofungwa ni hiyo, inatoka, na ikichemshwa inajisambaza kwaiyo hata mabaka yalipungua. Hakuna kuruka hii hatua hata kama nguo haijawahi kutiwa rangi, maana mafuta ya mwili, jasho la kwapani na laini ya kulainishia nguo vyote vinaizuia rangi na utakuja kuviona baadaye kama madoa mepesi.

Maji tulitumia ya bomba. Maji ya bomba ya Tanga yanatoka mto Zigi kule bwawa la Mabayani, ni mepesi ukilinganisha na ya visima vya huku mjini ambavyo chini ni mawe ya matumbawe na maji yake yana chokaa na chumvi. Chokaa ikikutana na soda ashi unapata utando mweupe na rangi inadoda humo. Mwenye kisima tu nyumbani akinge ya mvua.

Nguo mbili kavu zilikuwa kama gramu 700. Kwa nyeusi unahitaji rangi mara mbili ya rangi nyingine, asilimia 6 hadi 8 ya uzito wa nguo, tukapima gramu 50. Maji lita 15 kwenye karai kubwa la plastiki, chumvi karibu kilo moja na nusu (ndio, kilo, shoga alidhani namtania), soda ashi gramu 150. Karai la plastiki kwa sababu soda inaila alumini, sufuria inatoa mapovu na inakuwa nyeusi, na sufuria lililotiwa rangi halirudi kupika chakula cha watu. Kitambaa puani wakati wa kupima unga, maana vumbi la rangi hizi likizoeleka mapafuni linaleta pumu, na glavu mikononi.

Yale madoa ya tisheti tuliyatangulia. Nikakoroga rangi kidogo nzito na maji ya soda, nikayapaka kwa brashi ndogo madoa peke yake, nikafunika na nailoni yakakaa kwanza, lengo ni kuyainua yafanane na majirani zake kabla nguo yote haijaingia. Hapa kulikuwa na bahati kwamba madoa yalikuwa ya siku nyingi na nguo imefuliwa sana. Doa la ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe likiwa bichi lina klorini bado inafanya kazi, itaila na rangi mpya, na kuna watu wanakimbilia kumwagia siki ili kuikata, jamani msifanye hivo, siki na dawa hiyo vikikutana inatoka gesi ya klorini, ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kukupeleka hospitali. Na kitambaa kilicholiwa kinabaki dhaifu hata kikipata rangi, doa moja la tisheti lilikuwa limeshaanza kuachia ukilivuta.

Nguo zikaingia zikiwa zimelowa, rangi na chumvi kwanza bila soda, tukapokezana kugeuza, mi nasimulia ye anageuza. Baada ya hizo dakika 20 tukazitoa pembeni, soda iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto ikamiminwa kwenye karai ikakorogwa, nguo zikarudi. Ukimimina soda juu ya nguo moja kwa moja unajitengenezea baka. Kutoka hapo saa moja na kidogo, unageuza kila ukikumbuka. Huku pwani tuna raha yake, rangi hii inataka joto la kawaida la nyuzi 25 hadi 40, maji ya ndoo iliyokaa uani mchana yanatosha, wenzetu wa Lushoto inabidi wachanganye ya moto. Ila ikishakutana na soda hairudi kwenye chupa, baada ya saa chache imekufa yenyewe majini, kwaiyo hakuna kuweka akiba ya kesho. Maji yaliyobaki tulimwaga shimo la choo, mbali na kisima.

Kusuuza ndo watu wanakosea wakiwa wameshafika mwisho. Kwanza maji ya baridi mpaka chumvi na soda viishe, kisha maji ya moto sana na sabuni, kisha moto tena, kwa sababu ipo rangi iliyokufa bila kushika na hiyo inatolewa na moto tu. Ukiiacha, utasema na hii nayo inachuja. Tulipolaza kitambaa cheupe chenye maji juu ya kadeti tukapiga pasi, kitambaa kikabaki cheupe, nikamwambia sasa mpelekee mwenyewe.

Kadeti ilitoka nyeusi nzuri, mabaka mawili ukiyatafuta unayaona nyuma ya goti. Tisheti nyeusi, doa moja bado lina kivuli. Nyuzi za kushonea hazijanyonya kitu lakini kwa kuwa zilikuwa nyeusi tangu mwanzo inaonekana kama nguo mpya, ingekuwa jinzi ya uzi wa njano ungebaki uleule wa njano, hilo mtu alijue mapema.

Sketi sikuitia rangi. Niliichemsha na sabuni mpaka ile nyeusi ya paketi ikatoka karibu yote, ikarudi bluu yake ya kuchoka, mwalimu akaikubali. Kutafuta bluu ya kiwandani kwenye mchanganyiko kwa karai la nyumbani ni kupoteza hela ya kitambaa kipya, mita moja na nusu ya tetroni na mshono wangu havifiki mbali.

Buibui ndo lilinipa kazi ya kufikiri. Alitaka tu nimtafutie hiyo rangi ya poliesta hata kwa kuagiza. Nikakataa, na sababu ni tatu: lina mawe ya kubandikwa kwa gundi mikononi na gundi haikai kwenye maji yanayochemka, kitambaa kile chepesi kikichemshwa kimejikunja mikunjo inafungwa na joto haitoki hata kwa pasi, na tatu nilikuwa sijaamini kwamba limepauka lote. Mabegani sawa, pale ni jua, analianika kwenye henga nje-nje kila siku. Lakini kifuani na mgongoni lilikuwa na ukungu wa kijivu, na ukikwaruza kwa ukucha unabaki mstari mweusi. Rangi iliyopauka haikwaruziki ikawa nyeusi.

Nikamuuliza unafulia nini, akasema sabuni ya mche na maji ya kisima. Basi. Sabuni ya mche ikikutana na maji ya chokaa inatengeneza utando usioyeyuka, uleule unaouona pembeni ya beseni, na unakaa kwenye nguo kidogo kidogo miezi na miezi, kwenye nyeupe huuoni, kwenye nyeusi unasema nguo imepauka. Na hapa sasa ile siki ya jirani ikapata kazi. Ndoo ya maji ya bomba, kikombe kimoja cha siki nyeupe, buibui likalala humo kama nusu saa mbali na mawe yake, yaani mikono tuliiacha nje ya ndoo, likasuuzwa, likaanikwa kivulini ndani nje. Lilivyokauka kifua na mgongo vikarudi vyeusi, akabaki na mabega yake ya kahawia.

"Na haya mabega?"

Mabega yale hayana dawa, nikamwambia, atupie mtandio mpana, na mwezi wa Ramadhani ukikaribia akija dukani nitamkatia lingine la kitambaa kisicho na hariri ya Dubai. Akacheka, akauliza mita ngapi.